Nyuzi Nne Jikoni

Kila siku saa kumi na mbili jioni, Lwitiko Sanga alikuwa anakaa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Sehemu ya kwanza ni Nala, nje kidogo ya Dodoma, ndani ya jumba la kadi. Huko alikuwa amevaa glovu ndefu, mikono imezama mpaka viwikoni kwenye tangi la mafuta, anachomoa kadi ya picha iliyoungua ili achomeke nyingine. Sehemu ya pili ni Ukwama, Makete, jikoni kwa mama yake. Huko alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha utotoni, miguu ameinyoosha kuelekea kwenye mafiga, anamuuliza mama yake kama viazi vimeota.

Yule wa Nala alikuwa na nyama na mifupa. Yule wa Ukwama alikuwa kivuli.

Kivuli siyo uchawi, ingawa siku ya kwanza mbuzi wa jirani alikikimbia. Ni mwanga. Unapigwa picha kila upande, unaongeaongea mpaka mashine ishike sauti yako, unavyocheka, unavyojikuna shingo ukidanganya. Vyote vinaingizwa kwenye sanduku la ukubwa wa debe. Ndani ya sanduku kuna kadi ya picha, na kadi ndiyo kila kitu. Inakuchora upya, haraka kuliko jicho linavyopepesa, inarusha mwanga hewani, na hapo unakaa. Ukiwa na nafasi unavaa miwani, unakiingia kivuli chako, unaona kwa jicho lake na kuongea kwa mdomo wake. Ukiwa huna nafasi kinajiongoza. Kinauliza ambayo ungeuliza. Kinacheka ambapo ungecheka.

Lwitiko hakuwa na nafasi.

Dodoma ya miaka hiyo ilikuwa jiji la majumba yasiyo na madirisha. Nchi nzima ilikuwa inafikiria kupitia majumba hayo. Hospitali, mahakama, treni, mitambo ya kuita mvua, vyote vilituma maswali yake Nala na kadi zikajibu. Sasa kadi inayofikiria inatoa joto kama jiko la mkaa. Ndiyo maana zililazwa kwenye matangi ya mafuta maalumu, yanayochemka mapema bila kukuunguza. Mvuke wake unapanda, unagonga kioo cha juu, unapoa, unadondoka tena kama manyunyu. Juu ya matangi ilikuwa inapita mitambo yenye mikono mirefu, wenyewe wanaiita nyani, inabeba kadi kutoka huku kwenda kule. Watu walibaki wachache. Kazi yao kuingiza mkono pale ambapo mkono wa nyani haupiti.

Shule Lwitiko aliacha kidato cha pili. Hakufukuzwa wala hakukosa ada. Alichoka kukaa tu. Alienda Makambako akajibanza kwenye kibanda cha michezo ya kompyuta, ambako vijana walikuwa wanalipia wauane kwenye skrini, na kadi zilikuwa zinakufa kwa vumbi kila kukicha. Pale alijifunza kitu kimoja ambacho hakijawahi kumtoka. Kadi haifi kwa kazi. Kadi inakufa kwa joto. Mtu akijua kulitoa joto, anaweza kuifanyisha kadi kazi ya kadi mbili.

Chumba chake Dodoma kilikuwa ghorofa ya kumi na tisa. Kitanda, feni, na dirisha linaloangalia dirisha la mtu mwingine ambalo halijawahi kuwaka taa. Jirani yake wa ukutani alimjua kwa harufu ya vitunguu tu. Siku jirani asipokaanga, Lwitiko alikuwa anajikuta anasubiri.

Baba yake alipofariki, mama yake, Bi Edina, alibaki Ukwama na kuku. Lwitiko alikuwa anapiga simu Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo baba?"

"Sijambo. Huko vipi?"

"Baridi tu."

"Haya mama. Nitapiga."

Dakika mbili. Akikata, chumba kinakuwa kimya kuliko kabla hajapiga. Ndiyo akaleta kivuli.

Alikifunga mwenyewe, likizo ya Krismasi. Maelekezo ya sanduku yanasema liwekwe chumba cha baridi, kisicho na vumbi wala moshi. Alijua hayo kuliko walioyaandika. Lakini kwao Ukinga hakuna mtu anayekaa sebuleni. Sebule ni ya mchungaji na ya maiti. Watu wanaishi jikoni, nyumba ndogo ya nyuma, mafiga matatu katikati, moshi unatokea unakotaka.

"Nalifunga sebuleni," alisema Lwitiko.

"Nikae na wewe sebuleni, tumekuwa wachumba?" Bi Edina akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto wa nyumba anakaa motoni. Akikaa sebuleni ni mgeni, nammiminia chai anaondoka."

Basi sanduku likafungwa kwenye ukuta wa jikoni, pembeni ya mafiga. Fundi wa kupoza kadi, bwana, anafunga kadi juu ya moto. Lakini ukimwona mama yake alivyokitengea kivuli kigoda, usingemwambia kitu.

Tatizo likaja baada ya yeye kurudi mjini. Kadi ilikuwa nzee, aliitoa kwenye pipa la kadi zilizochoka pale Nala. Ilikuwa inachora kivuli kwa kujikongoja. Siku moja simu ikatoka Ukwama, ambayo siyo kawaida.

"Jana ulikuwa unanitazama tu," alisema Bi Edina. "Nakuuliza swali, unajibu nimeshatoka nje. Unageuka kama umebeba gunia. Unaumwa?"

"Siumwi mama. Ni kadi."

"Kadi gani, ya kliniki?"

"Hapana mama. Nitaitengeneza nikiwa huku huku."

Dawa ya kadi nzito ni kuikimbiza. Kila kadi ina mapigo, kama moyo. Kiwandani wanayaweka ya kistaarabu ili mteja asirudi na malalamiko. Fundi mwenye jeuri anayapandisha kidogo, anaongeza umeme kidogo, anasikiliza. Kadi ikitetemeka, anarudi nyuma. Ikitulia, anaongeza tena. Shida ni moja. Ukiikimbiza inapata joto, na ikifika nyuzi tisini inaogopa kufa. Inajibana, inapunguza mapigo yenyewe. Hapo kivuli kinakatikakatika, mkono huku, kichwa kule.

Lwitiko alikuwa anaikimbiza kadi ya Ukwama akiwa kitandani Dodoma, simu mkononi. Mchana inaenda vizuri. Jioni mama anawasha kuni apike, namba ya joto inapanda, themanini na tano, tisini, kivuli kinasambaratika. Alituma feni kubwa zaidi. Masizi yakaiziba. Alifikiria kuweka taa nyekundu ya tahadhari. Sasa taa nyekundu pembeni ya moto, nani ataiona? Na mama yake hajawahi kusoma namba ya skrini hata ya simu.

Basi akarekodi tahadhari kwa sauti yake mwenyewe. Alifanya wakati wa chakula cha mchana, wali bado uko mdomoni. "Mama, joto linaniumiza." Akaipanga, kadi ikikaribia kujibana, kivuli kiseme hivyo.

Mwenzake wa zamu, Ndahani, alikuwa meza hiyo hiyo. Mgogo mrefu, mzito wa kucheka, mkono wake wa kulia una kovu la kioo cha tangi.

"Sanga, unamtisha mama wa watu."

"Atasogeza kuni kidogo, basi. Kitu kingine chochote hatakisikia."

"Nyie Wakinga nyie. Badala ya kununua kadi nzuri unaweka huruma dukani."

"Na nyie Wagogo mkipewa kadi mnaomba na ya jirani."

Wakacheka, wakarudi kwenye matangi.

Ikafanya kazi. Siku chache tu, namba ikashuka kwenye sabini na kitu. Lwitiko akapandisha mapigo. Namba ikapanda kidogo, halafu, ajabu, ikashuka yenyewe. Akapandisha tena. Ikashuka tena. Kadi ya pipani ikawa inakimbia kuliko kadi mpya za Nala, na kivuli kikawa laini kabisa, hata nywele zinaonekana zinatikisika.

Ikawa mchezo. Akiamka anaangalia namba. Kwenye lifti anaangalia. Chooni anaangalia. Simu ya Jumapili aliiruka mara moja, halafu akaizoea kuiruka, kwa sababu namba ilikuwa inamwambia kila kitu. Kadi inapumua, kivuli kimekaa, mama hayuko peke yake. Usiku akisikia vitunguu vya jirani anajiambia na yeye ana mahali anapoongea na mtu sasa hivi, ingawa hajui anaongea nini.

Miezi ikaenda hivyo. Kipupwe kikaingia. Hata Dodoma asubuhi watu walikuwa wanavaa masweta.

Jioni moja, wakiwa wanasubiri tangi lipoe, Lwitiko alishindwa kujizuia. Akamsogezea Ndahani simu.

"Hebu niambie fundi gani mji huu ana kadi ya pipani inayokimbia hivi kwa nyuzi hamsini na mbili. Hakuna mafuta, hakuna maji. Feni tu."

Ndahani akaangalia. Akaangalia tena.

"Iko wapi hii?"

"Jikoni kwa mama. Si ulikuwepo nikirekodi?"

"Jiko la umeme?"

"La kuni. Mafiga."

"Acha uongo."

"Haki ya Mungu."

Ndahani akasogeza kidole chini, kwenye namba nyingine ambayo Lwitiko alikuwa haiangalii kabisa. Ni joto la hewa, ile inayoingia kwenye feni kabla haijaigusa kadi. Juu yao nyani mmoja akapita kwenye reli, kadi mbili mikononi.

"Sanga. Hewa inayoingia hapa ni nyuzi nne."

"Makete baridi, we hujafika tu."

"Baridi ya nje hiyo. Hii ni ndani ya jiko. Saa hizi za watu kupika." Akamrudishia simu taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika. "Nyuzi nne siyo jiko, ni friji. Mama yako anapikia wapi?"

Lwitiko aliitazama namba hiyo, akaitia simu mfukoni.

Hakumaliza zamu. Alienda chumba cha kubadilishia nguo, akavaa miwani, akakiingia kivuli chake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua za masika.

Giza. Halafu jicho likazoea. Dirisha la jikoni lilikuwa halina ubao, umeng'olewa, upepo unaingia kama kwake. Mafiga yapo, moto hakuna. Mama yake alikuwa amekaa kwenye gogo, amejifunga blanketi mbili na khanga kichwani, anapumua moshi mweupe. Mbele ya kigoda cha kivuli kulikuwa na sahani ya ugali na majani ya maboga, imefunikwa. Kwao mtu aliyekaa jikoni haachwi bila sahani.

"Mama!"

"Abee, baba."

"Mama, washa moto."

Bi Edina akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Unapenda kusema hivyo. Mwezi uliopita ulisema ongeza kuni tuote, nikawasha. Ukakatikakatika mbele ya macho yangu unalia joto linakuumiza. Sirudii."

"Mama, safari hii ni mimi. Ni mimi kweli, Lwitiko."

"Kila siku unasema hivyo."

Na ni kweli. Kivuli kilikuwa kinasema hivyo. Ndivyo alivyokifundisha.

Akavua miwani, akafanya alichokijua. Akashusha mapigo ya kadi, mbio, mpaka chini kabisa, ili kadi isipate joto hata moto ukiwaka. Akavaa miwani tena. Maneno yake sasa yalikuwa yanatoka mazito, yamechelewa. Mama yake alisimama amemkazia macho.

"Umeanza tena. Joto hilo," alisema Bi Edina. Akaenda akaufungua na mlango.

Lwitiko akayarudisha mapigo haraka. Kidole kikasimama juu ya neno la kuzima sanduku. Akilizima, mama atawasha moto? Au atakaa gizani na mlango wazi, anamsubiri arudi? Hakujua. Mwanamke aliyemzaa, na hakujua atafanya nini. Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Jirani wa pekee wa karibu alishahamia kwa watoto wake Mbeya, na nyumbani kwake aliacha kivuli cha kulinda kuku.

Akaomba ruhusa. Msimamizi wa zamu Nala hakuwa mtu, ilikuwa sauti ukutani, ya adabu sana.

"Naomba kwenda nyumbani. Mama yangu yuko hatarini."

"Pole sana, ndugu Sanga. Kwa mahitaji ya familia tunapendekeza utume kivuli."

Alivua glovu akaziacha sakafuni.

Treni ya kasi ilimfikisha Makambako, halafu basi la umeme likapanda milima. Njia nzima aliangalia namba. Hewa, nyuzi sita. Nyuzi tano. Watu ndani ya basi walikuwa wamevaa miwani, kila mmoja yuko nyumbani kwake. Hakuna aliyeongea na aliyekaa pembeni yake.

Alifika Ukwama kesho yake, jua likielekea kuzama. Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, uwanjani, ameinama kwenye mawe matatu, anasonga ugali nje upepo unampiga mgongoni. Alikuwa amekuwa mdogo. Huko kwenye miwani hakuliona hilo, blanketi zilimficha.

"Shikamoo mama."

Bi Edina akageuka. Aliweka mwiko chini, akaja, akamshika shavu, akabonyeza.

"Una mfupa," alisema.

"Ndiyo mama."

"Marahaba. Umekonda." Akamwangalia juu mpaka chini. "Yule hakondi."

"Kwa nini unapikia nje na baridi hii? Na hicho kikohozi?"

"Ndani moto siwashi. Unajua kwa nini. Shika sufuria, tuingie, saa yake imefika."

Waliingia, mama akapakua sahani, akaifunika, akaiweka mbele ya kigoda. Jikoni kulikuwa na harufu ya jiwe, siyo ya jiko. Majivu ya kwenye mafiga yalikuwa ya zamani, mepesi. Kuku alikuwa ametagia humo humo, katikati ya mafiga, mayai matatu yamelala kwenye majivu kama yako shambani.

Sanduku likawaka. Feni ikaguna. Lwitiko akajiona anatokea kwenye kigoda chake, mzima, laini, miguu ameinyoosha. Alishawahi kukitazama kivuli chake mara nyingi, kikazi. Hajawahi kukitazama akiwa ndiye aliyekosa pa kukaa.

"Shikamoo mama," kivuli kilisema.

"Marahaba baba."

"Moto wa leo mzuri," kilisema, kinayaelekeza macho kwenye mayai. Ni Krismasi hiyo. Kilichorwa Krismasi, moto ukiwa unawaka.

Halafu kikageuka. "Karibu kaka. Sogea motoni."

Lwitiko aliinama. Aliyaokota mayai, akayaweka kwenye kikapu. Akatoka, akarudi na kuni na kaa la moto kutoka uwanjani, akapiga magoti, akaanza kupuliza.

"We Lwitiko," alisema mama yake. "Acha."

Akapuliza. Moshi ukajaa, kuni za mkaratusi zikalia, moto ukashika. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuta zile ziliona rangi. Hakuhitaji simu kujua namba. Aliisikia feni. Ilipanda sauti, ikapanda, ikaanza kulia kama nyuki ndani ya chupa. Ukingo wa kivuli ukaanza kutetemeka.

"Mama, joto linaniumiza," kivuli kilisema.

Sauti yake. Na wali mdomoni.

Bi Edina alikuwa ameshasimama. Sufuria ya maji ilikuwa mikononi mwake, haikujulikana ameichukua saa ngapi. Mikono ilimwenda yenyewe, kama ya mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

Lwitiko akamshika viwiko. "Mama, acha!"

"Anaumia."

"Haumii! Siyo mtu huyo. Hayo maneno niliyaweka mimi, nilikuwa nakula. Ni kengele, mama. Kama ya baiskeli."

"Niachie mkono."

"Ni mimi niko hapa! Mimi!"

"Unadhani sijui?" Sauti ya Bi Edina ilipanda ghafla, kikohozi kikaikata, akakimeza. "Unadhani mama yako mjinga? Nimezaa mtoto mmoja. Huyo najua ni taa. Siku ya kwanza nilipitisha mkono, ukapita."

"Sasa kwa nini ujiue kwa baridi kwa ajili ya taa?"

"Kwa sababu anakaa."

Feni ilikuwa inapiga kelele. Hakuna aliyeiangalia.

"Wewe unapiga dakika mbili," alisema mama yake, taratibu sasa. "Na hizo ukaziacha. Yule anakaa. Kila siku ananiuliza viazi vimeota. Viazi vyenyewe tulishavuna mwezi wa tano. Namjibu vimeota, nisimvunje moyo. Nikikohoa anasema pole. Nikinyamaza hatafuti mlango. Na hiyo sauti inayosema inaumia ni yako, Lwitiko. Hata kama ni taa. Wewe ungesikia sauti yangu inasema hivyo, ungeota moto?"

"Mama, joto linaniumiza," kivuli kilisema tena. Mkono wake wa kushoto ukakatika ukabaki hewani peke yake. Halafu magoti. Halafu uso ukagawanyika katikati, macho mawili yanatazama sehemu mbili. Mdomo ndio uliobaki mwisho. "Mama, jo," ulisema, na kadi ikajizima.

Feni ilizunguka bado kidogo, kwa mazoea, ikasimama.

Hapakuwa na sauti nyingine ila kuni. Joto likaanza kusambaa, likafika kwenye gogo, likafika ukutani. Bi Edina akakaa polepole. Khanga ilimteleza kichwani. Mwanga wa moto ulimwangaza, na Lwitiko akaona mvi ambazo kwenye kumbukumbu yake hazikuwepo, na midomo iliyopasuka kwa baridi, na mikono iliyoishika sufuria ya maji mapajani kama mtoto.

Alivuta kigoda, akakaa. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka. Akachukua ile sahani iliyofunikwa, ya yule, akaifunua.

"Unaondoka lini?" aliuliza mama yake.

Mfukoni simu ikatetemeka. Nala. Zamu yake imehesabiwa, kuna tangi linamsubiri, na ile sauti ya adabu haisubiri sana. Alitafuta kitu cha kusema. Alitaka kusema siondoki, na alijua angejikuna shingo akisema. Alitaka kusema Jumatatu. Alipekua ndani yake maneno ya kumwambia huyu mama, ya jana, ya juzi, ya mwaka huu wote, na hakukuta kitu. Namba tu. Moto ulikuwa unamchoma magoti.

"Mama," alisema, "viazi vimeota?"

Alilisikia swali hilo likishatoka.

Bi Edina alimwangalia. Alimwangalia muda mrefu, kama anatafuta ukingo unaotetemeka. Kisha akageuza macho kwenye moto.

"Vimeota, baba," alisema.

Sufuria ya maji hakuiweka chini.